Unaposoma tanzia, mfuatilie mshauri

Anayesoma au kufundisha tanzia (tamthilia ya huzuni) ya Hippolytus, ambayo Euripides aliionyesha Athens mwaka 428 K.K., asiishie kumlaumu mungu wa kike wa mapenzi, Aphrodite, bali achukue penseli na kuweka alama kila mahali yaya na mshauri wa malkia Phaedra anapofungua kinywa. Yaya huyu anampenda malkia wake kwa dhati. Anapomwona amegoma kula ili afe na siri ya kumpenda mtoto wake wa kambo, Hippolytus, anambembeleza mpaka siri inamtoka, anashtuka, kisha punde anageuza kauli na kudai kwamba mawazo ya pili ndiyo yenye hekima zaidi (hapo weka alama nzito). Anaahidi dawa, lakini anakwenda kumweleza Hippolytus mwenyewe, baada ya kumwapisha asiitoe siri. Phaedra anajinyonga na kuacha maandishi ya kumsingizia kijana huyo, naye Theseus, mume wa Phaedra na baba wa Hippolytus, anamlaani mwanawe kabla ya kumsikiliza. Ukimaliza, rudi kwenye maneno ya Phaedra: hakumtuma yaya popote, tena alikuwa ameeleza waziwazi hofu yake kwamba jambo hilo lingemfikia Hippolytus.