Kulitunza Porsche 911 Linaloendeshwa Kila Wiki Mjini Tanga: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni wa mtu anayemiliki gari la spoti, au anayekusudia kulimiliki, na ambaye nia yake ni kuliendesha barabarani badala ya kulifunika gereji na kulionyesha kwa wageni. Nitazungumzia Porsche 911 la kizazi cha 997, lililotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2012, kwa sababu ndilo ninalolitunza kwa mikono yangu hapa Tanga, na kwa sababu linapatikana likiwa na usukani wa kulia kutoka Uingereza na Japani. Kanuni inayoongoza hatua zote zitakazofuata ni kwamba katika pwani yetu gari hili huharibiwa na kusimama, unyevu na chumvi kuliko linavyoharibiwa na mwendo. Kwa hiyo ratiba yake ya matunzo ipangwe kwa miezi, na kilomita zije baadaye.

Hatua ya kwanza: Ikague injini kabla ya kulipa

Magari haya yote yamekwisha kuvuka miaka 10, hivyo yanaangukia katika tozo ya uchakavu ya TRA; piga hesabu ya kodi yote kabla hujavutiwa na bei ya mnadani. Baada ya hapo, fikiria injini. Injini za matoleo ya kawaida ya hadi 2008 zina shafti ya kati inayoegemea beringi ambayo ikivunjika huangamiza injini nzima. Beringi iliyotumika katika injini za mwisho za kundi hilo ni kubwa na imara zaidi, lakini haiwezi kubadilishwa bila kuipasua injini. Kuanzia toleo la 2009 Porsche walileta injini mpya isiyo na shafti hiyo kabisa, na kama fedha inaruhusu, mimi ningeanzia hapo.

Kwa injini ya zamani, hasa ile ya lita 3.8, hofu kubwa zaidi ni mikwaruzo ndani ya silinda. Dalili zake ni mlio wa kugonga unaofuata mzunguko wa injini, masizi mengi kwenye bomba moja la ekzosi kuliko jingine, na oili inayopungua haraka. Mdai muuzaji picha za kamera ndogo iliyopitishwa kwenye matundu ya plagi, pamoja na taarifa ya kompyuta ya gari inayoonyesha kama injini iliwahi kuzungushwa kupita kiwango chake. Muuzaji anayekataa vyote viwili amekwisha kukujibu.

Hatua ya pili: Pata maegesho yanayopumua

Ukikaa Raskazone au popote karibu na ghuba, upepo wa bahari hukuletea chumvi mchana na usiku, uwe wa kaskazi au wa kusi. Bodi ya gari hili ni ya chuma kilichopakwa zinki, utaratibu ambao Porsche wameutumia kwenye 911 tangu katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo bodi yenyewe huvumilia; vinavyoteseka ni boliti za ekzosi, diski za breki, viungo vya umeme na kila mahali ambapo alumini imegusana na chuma. Kinachohitajika ni paa, kuta zenye matundu ya kupitisha hewa, na sakafu ya saruji isiyotoa unyevu. Usilifunike kwa turubai la plastiki, kwa kuwa turubai hufungia jasho la usiku juu ya rangi. Tumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, nacho ukiweke juu ya gari safi tu.

Epuka kivuli cha mwembe. Majani na utomvu ni adha, lakini kunguru wa mji wetu ni adha kubwa zaidi, kwani kinyesi chao kikikaukia juani hula rangi hadi alama isifutike. Kikidondoka, kilowanishe kwa maji safi, kiache kilainike, kisha kiondoe bila kusugua.

Hatua ya tatu: Liendeshe kila wiki, tena mpaka oili ipate moto

Hii ndiyo hatua ambayo wamiliki wengi huiruka, wakidhani kwamba kuwasha injini kwa dakika 10 getini kunatosha. Kunadhuru. Injini inapowaka kwa muda mfupi hutengeneza maji ndani ya ekzosi na ndani ya oili, na maji hayo huondolewa tu na joto la safari ndefu. Dashibodi ya 997 ina geji ya joto la oili iliyo tofauti na ile ya maji, nayo ndiyo ya kutazamwa: maji hufika joto lake mapema, ilhali oili huchelewa. Mpaka oili ikaribie nyuzi 90, mimi sivuki mizunguko 4,000 kwa dakika, na baada ya hapo naiacha injini ipande mara chache hadi juu, kwa sababu injini hii iliundwa ifanye kazi hiyo.

Njia inayofaa ni barabara ya lami ya kutoka mjini kupitia Pongwe na Muheza hadi njiapanda ya Segera, takriban kilomita 70 kwenda. Toka alfajiri, kabla ya malori na kabla ya jua kuwa kali. Heshimu vibao vya kilomita 50 kwa saa kwenye makazi: watoto wa shule huvuka, askari wa tochi wapo, na msimu wa machungwa hapo Muheza wauzaji na magari ya mizigo husimama pembezoni kabisa mwa lami. Safari kama hiyo huchaji betri, husafisha diski za breki, huzungusha gesi ya kiyoyozi ili sili za kompresa zisikauke, na hukupa nafasi ya kusikiliza mlio wowote mpya. Zima redio katika safari hiyo. Masikio yaliyoizoea injini hutambua beringi inayoanza kulia au mkanda unaoteleza mapema kabla taa yoyote haijawaka.

Hatua ya nne: Ondoa chumvi chini ya gari

Osha gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi; kisima cha karibu na bahari hakifai hata kama maji yake yanaonekana safi. Usiishie kwenye rangi. Mara moja kwa mwezi, linyanyue kwenye sehemu zake nne maalumu za jeki, weka stendi imara, kisha mwagia maji ya presha ya wastani kwenye mapango ya tairi, mikono ya saspensheni, mabomba ya breki na ekzosi. Usielekeze presha kwenye injini wala kwenye soketi za umeme. Likishakauka, paka mafuta ya kuzuia kutu kwenye boliti za ekzosi, kwani zikishikana kwa kutu hukatika siku ya kufunguliwa, na kazi ya saa moja hugeuka kuwa ya siku kadhaa.

Hatua ya tano: Safisha rejeta za mbele

Ningeruhusiwa kumwachia msomaji hatua moja tu, ingekuwa hii. Ingawa injini ya 911 iko nyuma, rejeta zake ziko mbele, nyuma ya matundu ya bampa, moja kila upande, na baadhi ya matoleo yana ya tatu katikati. Mbele ya rejeta za pembeni zimekaa kondensa za kiyoyozi. Matundu hayo hunyonya majani, mifuko ya nailoni, wadudu na vumbi. Takataka hizo hunaswa kwenye upenyo kati ya kondensa na rejeta, hushika unyevu wenye chumvi, na alumini iliyolala ndani ya tope la aina hiyo hutoboka. Wenye magari haya huko Uingereza wanaijua hasara hiyo, na huko chumvi hutoka kwenye barabara za majira ya baridi tu. Sisi tunaipata mwaka mzima.

Kila mwezi, chungulia kwa tochi ndani ya matundu na uondoe takataka kwa mkono au kwa kifyonza vumbi chenye mdomo mwembamba. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, vua bampa ya mbele. Skrubu zake ni chache na zinafikika, lakini klipu za plastiki ni dhaifu, kwa hiyo weka akiba yake. Legeza kondensa na uisogeze bila kufungua mabomba yake ya gesi, toa uchafu wote uliokaa katikati, kisha mwaga maji ya presha ndogo kutoka upande wa ndani kuelekea nje. Mapezi ya alumini hulala kirahisi, na yakilala hewa haipiti. Unaporudisha bampa, funga wavu mwembamba nyuma ya matundu.

Kabla ya kumaliza, washa injini na kiyoyozi, usikilize feni zote mbili. Zinapaswa kuanza kuzunguka taratibu. Feni ikikaa kimya katika kasi ndogo lakini ikafanya kazi injini inapochemka, mara nyingi rizista yake imekufa, nayo ni spea ndogo isiyostahili kusubiri. Maji ya rejeta yachanganywe nusu kwa nusu kati ya kulanti iliyoidhinishwa na maji yaliyotoneshwa, kamwe yasiwe ya bomba. Pampu ya maji ibadilishwe kabla haijavuja, kwani katika joto la Tanga foleni moja tu yaweza kuchemsha injini ambayo pampu yake imechoka.

Hatua ya sita: Badilisha oili kwa kalenda

Vipindi virefu vilivyomo kwenye kitabu cha gari viliwekwa kwa ajili ya Ulaya. Mimi hubadilisha oili na filta kila miezi sita, hata kama kilomita ni chache, nikitumia oili yenye idhini ya Porsche A40. Injini hubeba takriban lita 8, hivyo nunua ya kutosha, na nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia ukiwa na risiti yake. Kata filta ya zamani na uikunjue karatasi yake juu ya gazeti mchana wa jua. Chembe zinazometa ni habari ya beringi au silinda, nazo hukupa muda wa kusimamisha gari kabla ya uharibifu.

Usizidishe oili. Ikipita kiwango cha juu huvutwa kwenye kifaa kinachotenganisha mvuke na oili, kikafa, na gari likaanza kutoa moshi mweupe mzito. Pima kwa kompyuta ya gari, mahali tambarare, ukifuata masharti ya kitabu kuhusu joto na muda wa kusubiri, na ongeza kidogo kidogo.

Hatua ya saba: Petroli

Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi na uhifadhi risiti. Mpango wa kuweka vinasaba (alama za kemikali za utambulisho) kwenye mafuta ulianzishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kukabili uchakachuaji, lakini injini yenye mgandamizo mkubwa haina subira hata na kosa dogo. Ukisikia mgongano wa metali unapokanyaga mafuta, punguza mguu mara moja, endesha taratibu, na uchanganye na petroli bora zaidi kituo kinachofuata.

Hatua ya nane: Breki

Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu inao wa kutosha. Kiwanda kinataka ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, nami naifanya kila mwaka. Breki ya mkono ya gari hili ni viatu vidogo ndani ya diski za nyuma, navyo hushikana na kutu gari linapolala limefungwa breki. Ukiliacha zaidi ya siku mbili, liweke kwenye gia, zuia tairi kwa vigingi, na uiachie breki ya mkono.

Hatua ya tisa: Tairi na matuta

Chagua rimu za inchi 18 ikiwa una uchaguzi. Kwenye Carrera ya kawaida tairi zake ni 235/40 mbele na 265/40 nyuma, na ukuta wake mrefu huokoa rimu kwenye mashimo. Tafuta tairi zenye alama ya N, yaani zilizoidhinishwa na Porsche, na usome tarakimu nne za tarehe ubavuni: 2319 humaanisha wiki ya 23 ya 2019. Tairi za mtumba usizifunge hata kwa siku moja. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo chako mwenyewe, na kagua ukingo wa ndani wa tairi za nyuma, ambao huisha bila kuonekana.

Tuta livuke taratibu, bila breki wakati pua inaposhuka, kwa sababu breki huiinamisha zaidi. Ulimi mweusi wa plastiki chini ya bampa utaguswa mara kwa mara. Uliwekwa hapo utangulie kuumia, na bei yake ni nafuu. Ukipiga shimo kwa nguvu, pima alaimenti wiki hiyohiyo.

Hatua ya kumi: Betri

Kufuli la boneti ya mbele hufunguka kwa umeme, na betri iko chini ya boneti hiyo hiyo. Betri ikifa, boneti haifunguki. Jifunze leo, gari likiwa zima, jinsi ya kuvuta ncha chanya iliyomo kwenye sanduku la fyuzi sehemu ya miguu na kuipa umeme wa muda kutoka betri nyingine. Ukisafiri, acha chaja ya kutunza betri ikiwa imeunganishwa kupitia stabilaiza, kwa kuwa umeme unapokatika na kurudi huja na msukumo. Karibu na betri kuna mifereji ya kutolea maji ya mvua. Izibue kabla ya kila msimu.

Hatua ya kumi na moja: Fundi, spea na pancha

Mafundi wa Ngamiani na Chumbageni ni hodari, na wengi wamekulia kwenye Toyota. Mpe fundi wako kitabu cha matengenezo cha modeli hii, mashine inayosoma kompyuta ya Porsche kama Durametric, na muda. Mkubaliane kwamba hakuna sensa itakayobadilishwa kwa kubahatisha. Spea agiza kwa namba yake kabla ya kuihitaji, na weka kabatini angalau filta, plagi, koili, mkanda na hosi za maji.

Gari hili halina tairi ya akiba. Lina dawa ya kuziba na kompresa ndogo, na dawa hiyo ina tarehe ya kuisha. Kuna boliti moja kwa kila tairi inayofunguka kwa soketi yake maalumu, na soketi hiyo isipokuwemo garini hakuna fundi wa Segera wala Muheza atakayeweza kuivua tairi. Iweke pamoja na kifaa cha kupimia nguvu ya kukaza, kwani boliti hizi hukazwa kwa Nm 130, kwa mkono, na si kwa mashine ya upepo ya kando ya barabara.