Laptop ya michezo ya urubani: uliza wati kwanza
Jina la kadi ya grafiki lisikudanganye. Kadi kama RTX 4060 ya laptop hupangiwa umeme wa kuanzia wati 35 hadi 115, kutegemea mtengenezaji. Ndiyo maana mashine mbili zenye stika ileile, moja inaruka vizuri na nyingine inakwamakwama ukianza tu kushuka juu ya jiji lenye majengo mengi. Tafuta namba hiyo ya wati kwenye maelezo ya modeli yenyewe. Muuzaji asipoijua, mimi ningesita. Kumbukumbu ya kadi nayo iwe GB 8 au zaidi.

RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta yenyewe? Mchezo wa Microsoft Flight Simulator 2024 unapendekeza GB 32. Ukiwa na GB 16 utacheza, ila usifungue na vitu vingine kibao. Angalia pia kama inaongezeka, kwa sababu nyingine zimechomelewa kabisa kwenye ubao.

Kwenye prosesa, wingi wa viini (core) si hoja sana kama kasi ya kiini kimoja, maana michezo hii hukielemea kimoja kuliko vingine.

Na zile nyembamba za kupendeza, tahadhari: joto likipanda, hujipunguzia kasi zenyewe. Safari ya saa tatu angani si mchezo kwa feni ndogo.