Kibali cha ujenzi Arua: anza na ardhi, mchoro baadaye

Nimekaa miaka mingi kwenye meza ya mipango miji hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na mafaili mengi tunayoyarudisha hayana kosa kwenye nyumba. Kosa liko kwenye ardhi. Mtu ameshachorewa vyumba vinne na baraza, matofali ameshachoma, ndipo inagundulika kwamba kiwanja chake kimelalia barabara ambayo bado haijafunguliwa. Kwa hiyo mchoro utasubiri hadi baadaye katika mwongozo huu. Tunaanzia shambani.

Kwanza elewa unaomba nini. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 ilitangaza Uganda nzima kuwa eneo la mipango, mjini na kijijini, na hakuna uendelezaji bila ruhusa ya kamati ya mipango. Sheria ya udhibiti wa ujenzi ya mwaka 2013 inataka pia kibali cha jengo lenyewe. Ruhusa ya kwanza inajibu swali, "Je, hapa panafaa jengo la aina hii?" Ya pili inauliza kama jengo litasimama bila kumwangukia mtu. Arua ilipofanywa jiji Julai 2020, mashamba mengi ya mihogo upande wa Ayivu yaliingia ndani ya mipaka. Wenyewe hawakuhama hata hatua moja, lakini kanuni za mji ziliwafuata nyumbani.

Hatua ya 1: Kitembelee kiwanja wakati wa mvua

Usinunue ardhi uliyoiona Januari tu. Rudi Agosti au Septemba, mvua ikiwa imekolea, uvae buti na ukipite chote. Tazama maji yanatoka wapi na yanaelekea wapi. Ukiona mafunjo, au udongo mweusi unaoshika mguu, simama hapo hapo. Katiba inasema ardhi oevu na mito vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote, hivyo anayekuuzia kinamasi kando ya mto Enyau anakuuzia kisicho chake. Bei yake huwa nzuri sana, na ndiyo inayowaponza vijana wetu.

Hatua ya 2: Jua ardhi ni ya nani

Katiba inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa kudumu, wa mailo (mfumo wa zamani wa eneo la Buganda) na wa kukodi. Kwetu West Nile, mkoa ulipo Arua, sehemu kubwa ni ya kimila. Maana yake wazee wa ukoo lazima wajue, na majirani wa pande zote wasimame kwenye mpaka pamoja nawe. Kama ni ardhi ambayo familia inaishi au inapata chakula, mume au mke wa muuzaji lazima akubali, na akubali kwa maandishi. Sahihi ya mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji, ni ushahidi kwamba alikuwapo mkiuziana. Haikupi umiliki. Ukitaka karatasi yenye nguvu zaidi, omba cheti cha umiliki wa kimila kupitia kamati ya ardhi ya eneo, ambayo hupeleka maoni yake kwenye bodi ya ardhi.

Hatua ya 3: Omba kuonyeshwa ramani ya mipango

Hapa ndipo ningependa uchelewe. Njoo ofisini kabla ya kulipa hata shilingi ya kiwanja, useme: "Naomba kuona mpango wa eneo hili." Ni haki yako kuuliza. Mpango huo unaonyesha matumizi yaliyopangwa, yaani makazi, biashara, viwanda, shule au eneo la wazi, na unaonyesha barabara zitakazokuja. Barabara iliyo kwenye mpango huioni kwa macho. Ukienda leo utakuta mwembe na mbuzi wamefungwa.

Mwaka mmoja mama mmoja aliniletea faili la vyumba vitatu vya kupangisha. Mkataba wa kuuziana ulikuwa safi, sahihi zote zipo, msingi ulikuwa umeshachimbwa. Tulipoweka kiwanja chake juu ya mpango, barabara ilipita katikati kabisa. Dalali alijua, kwa sababu alikuwa ameuza viwanja vya pande zote mbili. Mama yule aliketi kwenye benchi letu mpaka saa ya kufunga, na mimi sikuwa na la kumpa. Kutazama ramani kusingemchukua hata nusu saa.

Kama unataka kujenga duka au baa mahali palipopangwa kuwa makazi, omba kwanza kubadilisha matumizi. Usichore nyumba huku moyoni unajua ni ukumbi wa muziki. Majirani watakuja kulalamika, na watakuwa na haki.

Hatua ya 4: Mlete mpima ardhi

Mtafute mwenye leseni, awekee kiwanja mawe ya mpaka. Ploti ya futi 50 kwa 100, inayouzwa sana kwetu, ni kama desimali 11 na nusu, na ekari moja ina desimali 100. Wengi hulipia hamsini kwa mia, kamba ikipita wanapata pungufu.

Hatua ya 5: Michoro

Tumia msanifu majengo na mhandisi waliosajiliwa. Mchoro uonyeshe jengo lilipo ndani ya kiwanja, umbali kutoka kila mpaka, choo, maji ya mvua yatakakoelekea, na gari litakapoingilia. Choo cha shimo kiwe mbali na kisima, chako na cha jirani.

Hatua ya 6: Peleka faili

Lipa benki kwa namba ya malipo utakayopewa, utunze risiti. Usimpe mtu pesa mkononi, hata kama ni mimi. Faili litasomwa na mpangaji miji, mhandisi, mpima, na maafisa wa mazingira na afya. Likikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Una haki ya kukata rufaa.

Hatua ya 7: Ukaguzi

Mwite mkaguzi kabla ya kumwaga zege la msingi, nondo zikiwa bado zinaonekana. Mwite tena kwenye linta, kisha kwenye paa. Nyumba ikiisha, omba kibali cha kuhamia kabla hujaingiza kitanda au mpangaji. Kila karatasi toa nakala tatu: moja ikae na faili lako, ya pili na mke au mume wako, ya tatu mpe ndugu anayeishi mji mwingine, kwa sababu nyumba za nyasi huungua na mchwa wetu hula hata hati.