Kabla Hujafunga Bawa kwenye Mazda MX-5: Mambo ya Kuzingatia

Kabla hujaulizia bei ya bawa, ule ubao unaofungwa juu ya buti ili hewa iisukume nyuma ya gari chini, jiulize kona za saketi (uwanja wa mbio za magari) unayoendesha unazipita kwa kasi gani. Mgandamizo wa hewa unakua kwa mraba wa kasi: ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 160, kani inayolisukuma gari chini inakuwa mara nne. Kwenye mashindano ya kuzunguka koni, ambako ni nadra kuvuka 80, bawa ni mzigo tu. Kwenye saketi ya Nordschleife kule Ujerumani, yenye urefu wa karibu kilomita 21 na kona nyingi za mwendo mkali, faida yake utaiona waziwazi.

Nitatumia Mazda MX-5 ya kizazi cha nne, ile ND, kwa sababu ni gari jepesi, kilo elfu moja na ushee, na gari jepesi halifichi kosa la mpangilio. Hesabu zenyewe unaweza kuzihamishia kwenye Toyota GT86 au Subaru yako.

Kwanza elewa gari lako likoje sasa. Magari mengi ya barabarani, hata yenye sura ya kimichezo, hunyanyuliwa kidogo na hewa yanapokimbia. Audi TT ya kwanza ni ushahidi wa jambo hili. Baada ya ajali za mwendo kasi kwenye barabara kuu za Ujerumani, kampuni iliyaita magari yale karakana, ikafunga spoila ndogo nyuma (ukingo ulioinuka wa kuzuia mnyanyuko), ikarekebisha saspensheni na kuongeza ESP, mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza. Kwa hiyo kilo za mwanzo unazozipata zinafuta mnyanyuko uliopo, na baada ya hapo ndipo mgandamizo unapoanza. Spoila fupi iliyoshikana na buti, kama ule mkia wa bata ambao Porsche iliuweka kwenye 911 Carrera RS 2.7 mwaka 1972, inaifanya kazi hiyo ya mwanzo vizuri na kwa gharama ndogo. Kwa anayekwenda saketi mara mojamoja, mimi ningeishia hapo.

Ukiamua kuendelea, hakikisha matairi na breki vimetangulia. Bawa linaongeza mzigo kwenye tairi, na tairi lililochoka haliwezi kuugeuza mzigo huo kuwa mshiko. Badilisha pedi na mafuta ya breki kabla ya kununua chochote kinachoonekana kwa nje. Dereva naye awe tayari: kama muda wako bado unapishana sekunde tatu au nne kati ya mzunguko mmoja na unaofuata, hutaweza kujua bawa limefanya nini na wewe umefanya nini.

Sasa tuingie kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Chukua bawa lenye upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 25 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, likiwa na mgawo wa mgandamizo (namba inayoonyesha umbo la bawa linaigeuza hewa kuwa kani kwa kiasi gani) wa 1.2, kiwango ambacho bawa la kawaida linakifikia likiwekwa kwenye hewa safi. Kwenye kasi ya 80 linatoa kama kilo 14. Kwenye 120 linatoa kilo 31, kwenye 160 kilo 54, na kwenye 200 kilo 85. Hizo ni kilo za maana kwa gari dogo.

Tatizo ni mahali zinapotua. Bawa halikai juu ya ekseli ya nyuma, linakaa nyuma yake, tuseme kwa sentimita 70. ND ina mita 2.31 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kilo 54 zikibonyeza kwenye ncha ile, gari linafanya kama mzani: magurudumu ya nyuma yanapata karibu kilo 70 na ya mbele yanapoteza karibu 16. Ongeza kwamba hewa inalivuta bawa kwenda nyuma likiwa juu, na mvuto huo nao unainua pua. Ndiyo maana mtu anafunga bawa zuri, halafu analalamika kwamba gari limekuwa zito kuingia kona za kasi na usukani umekuwa mwepesi mkononi. Bawa halina kosa. Mbele hakukuwekwa kitu.

Kwa hiyo panga mbele na nyuma pamoja tangu siku ya kwanza. Kwa mbele dawa ni splita, ule ubao bapa unaotokeza chini ya bampa na kuendelea chini ya gari. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, anza na bawa. Gari linalogoma kugeuka kwenye kona ya kasi linakuonya mapema, na ukipunguza mafuta pua inarudi. Splita bila bawa inaacha nyuma ikiwa nyepesi, na nyuma inayotoka kwenye kilomita 170 kwa saa haikupi nafasi ya kusahihisha. Usithubutu.

Kuhusu ufungaji, sina mzaha hata kidogo. Tarehe 4 Mei 1969, kwenye mashindano ya Formula One ya Montjuïc, Barcelona, magari yote mawili ya Lotus, la Graham Hill na la Jochen Rindt, yalivunjika mabawa na kugonga vizuizi. Rindt aliumia. Wiki mbili baadaye, kule Monaco, mabawa marefu yalipigwa marufuku. Wale walikuwa mafundi wa daraja la juu kabisa. Bati la buti la gari la kawaida ni jembamba, na bolti nne zilizopitishwa ndani yake na vishikio vidogo zitalirarua taratibu kwa mtikisiko. Weka sahani za chuma au alumini chini ya bati, au bora zaidi shusha nguzo za bawa hadi kwenye chasisi. Tumia nati zenye kizuizi cha kulegea. Splita nayo ishikwe na chasisi, isining'inizwe kwenye plastiki ya bampa, na vyuma vya kuizuia mbele viwe na nguvu za kutosha. Jaribio la gereji linajulikana: simama juu ya ukingo wake. Ikipinda chini yako, itapinda na chini ya hewa.

MX-5 ina jambo lake la pekee. Paa likiwa wazi, hewa inafika nyuma ikiwa imevurugika, na bawa linapokea mabaki. Paa gumu linasaidia sana, na bawa lipandishwe hadi karibu na usawa wa paa. Angalia pia splita isizibe njia ya hewa ya rejeta na breki.

Springi ni sura nyingine. Tuseme ugumu wa nyuma, ukipimwa kwenye kila gurudumu, ni nyutoni 20 kwa milimita. Kilo 70 zile zitaishusha nyuma kwa milimita 17 hivi, na pua itapanda. Splita inayotazama juu inakaribisha hewa chini ya gari. Kwenye mbio za Le Mans kule Ufaransa mwaka 1999, magari ya Mercedes CLR yaliruka hewani mara tatu katika wikiendi moja, baada ya pua kupoteza mgandamizo. Gari lako halifikii kasi zile, lakini kanuni ni ileile. Pima urefu wa gari kutoka chini, mbele na nyuma, na uandike, kisha uwe tayari kuongeza ugumu wa springi.

Walio Nairobi wakumbuke kwamba kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Mombasa, na bawa linapoteza kiasi hichohicho. Na popote unapoendesha barabarani kwenda saketi, tengeneza splita ya kuvuliwa, kwa sababu tuta la kwanza litaing'oa.

Ujerumani gari lenye namba za barabarani linahitaji mabadiliko kama haya yawe na idhini, kwa kawaida kupitia TÜV, mashirika ya ukaguzi wa magari, na siku za umma Nordschleife inahesabiwa kama barabara ya umma. Soma mkataba wako wa bima pia. Nyingi hazigusi uharibifu wa saketi.

Siku ya majaribio, bandika vipande vifupi vya uzi wa sufu chini ya bawa, upande ambao ndio unaofanya kazi kubwa, na urekodi video. Uzi ukilala kufuata hewa, mambo ni sawa. Ukicheza ovyo na kurudi mbele, bawa limeinamishwa kupita kiasi. Anza na bawa likiwa limeinamishwa digrii nyingi kidogo, uwe na gari tulivu, kisha punguza moja moja. Baada ya mizunguko michache ya kwanza ingia pembeni na upitishe spana kwenye kila bolti.

Halafu linganisha kona ya polepole na ya kasi. Pua ikigoma kwenye zote mbili, tatizo liko kwenye matairi, springi au mlingano wa magurudumu, na bawa liache lilivyo. Ikigoma kwenye za kasi peke yake, hewa ndiyo inayohusika: punguza digrii za bawa, na ukishafika mwisho wa kupunguza, refusha splita kwa sentimita moja moja, ukirudia mizunguko ileile kila unapobadilisha.