Jinsi ya kubishana kijiweni kama gazeti linaegemea upande

Kipindi cha Bunge vijiwe vya kahawa hapa Dodoma ubishi hauishi, sasa kabla hujasema gazeti linabeba chama anza na mmiliki: Uhuru ni la CCM, HabariLeo la serikali, hilo halifichwi. Ila kuegemea sio kudanganya, msichanganye jamani! Agosti 2021 Uhuru hilohilo lilifungiwa siku 14 kwa kichwa cha habari kilichosemwa ni cha uongo, kwamba Rais Samia hana mpango wa kugombea 2025, yaani gazeti la chama chake mwenyewe, kwahiyo usiishie kichwa cha habari, soma mpaka chini uone nani kanukuliwa na kasemea wapi. Katuni usiidai nukuu, ile inatia chumvi makusudi, we uliza tu kinachochekwa kipo kweli? Na ukionyeshwa umekosea, kubali palepale.