Kuchambua mechi ya tenisi pointi moja baada ya nyingine

Kwenye fainali ya wanaume ya Wimbledon mwaka 2019, Federer alipata pointi 218 na Djokovic 204. Kombe akabeba Djokovic, aliyeshinda taibreka (mchezo wa kuamua seti inapofungana) zote tatu. Ndiyo maana takwimu za jumla zinazowekwa kwenye runinga mimi huziangalia mwisho.

1. Chora jedwali. Kila pointi na mstari wake: alama kabla ya sevu (pigo la kuanzisha pointi), sevu ni ya kwanza au ya pili (inayopigwa ya kwanza ikikosea), imeelekezwa wapi (pembeni, mwilini au katikati), mapigo mangapi, pointi imeishaje. Basi. Ukiongeza safu nyingine utachoka kabla seti ya pili haijaisha.

2. Chuja kwa alama. Hapa usiwe na haraka. Chukua 40-0 na 30-40 (alama ya mpiga sevu hutajwa kwanza, kwa hiyo kwenye 30-40 ndiye aliyebanwa). Zote mbili sevu hupigwa kutoka upande wa kushoto, kwa hiyo unaweza kuzilinganisha bila kujidanganya. (15-40 hupigwa kutoka kulia, usiichanganye humo.) Tuseme wachezaji wote wawili wanatumia mkono wa kulia. Kwenye 40-0 mpiga sevu anapiga katikati, kwenye fohendi ya mpokeaji (upande wa mkono anaoshikia raketi), bila wasiwasi. Je, kwenye 30-40 bado anathubutu, au kila mara anakimbilia pembeni, kwenye bekihendi (upande wa pili)? Mchezaji aliyebanwa hurudia pigo analoliamini, na hilo ndilo unalolitafuta.

3. Tazama mapigo manne ya kwanza. Pointi nyingi za ngazi ya juu huishia humo, ingawa watu hukumbuka zile ndefu. Angalia hasa pigo linalofuata sevu: alilipiga akiwa ndani ya uwanja au akirudi nyuma?

4. Ufundi uache kwa marudio ya pili. Punguza kasi ya video, anza na miguu kabla ya mkono. Mpira ukienda nje, rudi pigo moja nyuma. Mara nyingi "kosa la kujitakia" lilisababishwa na mpira wa mpinzani uliotua karibu na mstari wa nyuma, ukamkuta amechelewa.

5. Mpe kocha sentensi mbili. Kwa mfano: "Akiwa 30-40, sevu yake ya pili huenda kwenye bekihendi. Sogea kushoto mapema, uipokee kwa fohendi." Zikifika kumi, rudi ukachuje tena.