Namna ya Kuendesha Mfuko wa Msaada wa Mtaa Katika Miezi ya Kusi

Katika mwambao wa Kenya, kuanzia Vanga hadi Lamu, dhiki ya kaya za wavuvi ina msimu wake. Upepo wa kusi hushika mnamo Aprili na kutulia Septemba, na katikati yake, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, bahari huchafuka kiasi kwamba mwenye mtumbwi au dau dogo hawezi kuvuka mwamba, hubaki kuvua maji ya ndani, na siku nyingine hatoki kabisa. Mvuvi asipotoka, mama karanga, yule anayekaanga samaki na kuwauza, hana cha kukaanga, mchukuzi hana cha kubeba, na mwenye duka huanza kufungua kurasa mpya katika daftari lake la madeni. Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kamati yoyote ndogo, iwe ya msikiti, ya kanisa, ya mtaa au ya chama cha akina mama, inayotaka kuzisaidia kaya hizo kwa utaratibu badala ya kungoja mpaka mtu aje kuomba.

Jambo la kwanza la kupanga ni kalenda, na hapa ndipo misaada mingi ya pwani inapopishana na mahitaji. Sehemu kubwa ya sadaka zetu hutolewa Ramadhani, na Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2016 mwezi huo ulianza mapema Juni, kwa hiyo futari na mchele wa wafadhili vilizikuta nyumba zikiwa na uhitaji wa kweli. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 katikati ya Februari, wakati ambapo kaskazi bado inavuma, bahari inapitika na samaki wanapatikana. Ramadhani haitaingia tena katika miezi migumu ya kusi kabla ya miaka ya 2040. Kamati isiyoliona hilo itagawa vyakula vingi wakati wa neema, kisha ifike Julai ikiwa haina hata senti.

Dawa yake si kuwaambia watu wacheleweshe zaka. Zaka ya mali hulazimu mwaka wa Kiislamu unapotimia juu ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinacholazimu zaka, ambayo kwa kawaida hukadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu, na kiwango chake ni asilimia 2.5, tarehe ya kila mtu ni baina yake na imamu wake. Zakatul-fitri nayo, ile pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, lazima imfikie maskini kabla ya swala ya Idi. Sadaka ya kawaida ndiyo isiyofungwa na mwezi wowote. Waombeni wachangiaji, wakiwemo vijana wa mtaa walioko Nairobi na Ghuba, watoe kiasi kidogo kila mwezi kuanzia Oktoba, na fedha hiyo isiguswe hadi Mei, isipokuwa kwa msiba au maradhi. Zaka iandikwe katika daftari lake peke yake, kwa kuwa ina mafungu manane yanayostahiki na haichanganywi ovyo. Sadaka na michango ya kanisa inaweza kumfikia jirani yeyote mwenye shida bila kuulizwa dini yake.

Kazi iliyo ngumu kuliko kuchanga ni orodha. Msiiandike kwa kukaa pamoja siku moja, kwa maana mwenye sauti kubwa ndiye atakayewataja watu wake. Mwombeni mzee wa mtaa, imamu au mchungaji, katibu wa BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia bandari yao ndogo), mhudumu wa afya ya jamii, mama karanga mmoja mwenye kujua nyumba za wenzake, na mwenye duka, kila mmoja aandike majina yake mwenyewe kisha mlinganishe. Jina lililotajwa na watu watatu au wanne halina mjadala. Majina yaliyotajwa na mtu mmoja tu ndiyo yanayostahili muda wenu, kwa sababu mara nyingi huko ndiko waliko wale wasioonekana: mpangaji wa chumba kimoja aliyehamia kutoka kijiji kingine, baharia asiye na chombo ambaye mgao wake hutoka baada ya chombo na nyavu kutolewa fungu, bibi anayelea wajukuu, na mjane aliye edani. Jihadharini pia na ile kauli ya kwamba nyumba fulani haina shida kwa vile ina mtoto Arabuni. Huenda binti huyo hajalipwa kwa miezi kadhaa, na mama yake hathubutu kulitaja hilo mbele ya majirani waliomsindikiza kwa shangwe.

Mwenye duka ana ushahidi ambao hakuna fomu inayoweza kuupata. Anaijua nyumba iliyokuwa ikinunua pakiti ya unga ya kilo 2 na sasa inanunua nusu, ambayo mafuta yake yamekuwa ya kupima kwa kile kikombe kidogo cha plastiki, na ambayo mtoto hutumwa na ujumbe kwamba mama atalipa Ijumaa. Hata hivyo, anayekopa bado ana uso wa kukopa. Aliyeacha kabisa kuja dukani, akawa anazunguka njia nyingine ili asipite mbele ya kaunta, ndiye wa kutembelewa kwanza.

Ziara ifanywe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, ikiwezekana baada ya magharibi, bila fulana za kamati na bila makaratasi mkononi. Wapige hodi kama wageni wengine, wazungumze na mwenye nyumba, na wajue mambo manne: ni wangapi wanaokula hapo, nani anaumwa, nani ameacha shule, na deni ni la nani. Wasifunue chungu wala kuchungulia ndani, na wakishatoka ndipo waandike.

Kuhusu aina ya msaada, kifurushi cha chakula kina faida pale ambapo bei ya jumla inapatikana, lakini hubebwa njiani na kila mtu akakiona. Kwa miezi ya kusi naona heri makubaliano na duka: kamati huweka kiasi maalumu kwa jina la kaya, nayo huchukua unga, mchele, kunde, mafuta, sabuni au sodo kidogo kidogo kama mnunuzi mwingine yeyote. Afikiwe mwenye duka mwaminifu, bei ziandikwe mapema, na ikubalike waziwazi kwamba fedha hiyo haitakatwa kufidia deni la zamani. Fedha taslimu kwa M-Pesa iachiwe kodi ya nyumba, nauli ya hospitali na mambo yasiyouzwa dukani. Deni la mvuvi kwa tajiri aliyemkopesha nyavu ni suala zito zaidi, kwa kuwa tajiri hulipwa kwa kuuziwa samaki kwa bei ya chini. Mfuko mdogo usiliguse bila maandishi ya pande zote mbili yanayoeleza kwamba deni limekwisha.

Kabla ya kutumia mchango wa jirani, hakikisheni kaya imepata inachostahili serikalini. Mzee mwenye umri wa miaka 70 au zaidi, kaya inayolea yatima, na mtu mwenye ulemavu mkubwa huingia katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya chifu, na mtu wa kumsindikiza mzee huko ana manufaa kuliko kilo mbili za sukari. Kujisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ni bure. Mchango wa chini kwa kaya isiyo na mshahara ni shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600, kiasi ambacho mvuvi hana kwa mkupuo lakini mfuko unaweza kukitoa mara moja.

Mfadhili akitaka picha, akataliwe kwa upole. Mpeni risiti za duka, idadi ya kaya na salio, bila majina. Sura ya mtu na taarifa za shida yake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi inahitajika. Fedha isitoke bila idhini ya watu watatu, na hesabu isomwe kila mwezi.

Oktoba, bahari ikishatulia, orodha yote ifutwe na kuandikwa upya. Katika siku hizo baadhi ya wavuvi waliosaidiwa huja na kitoweo kwa shukrani, na kukikataa ni kumvunjia mtu heshima. Kipokelewe, lakini kisiingie jikoni kwa mjumbe: kipelekwe siku hiyo hiyo kwa nyumba nyingine iliyobaki katika orodha.